Dkt. Kafedha Menza, Aliyeandikwa "na Wenzake"

Tunayemzika leo ni Dkt. Kafedha Menza, binti wa Mama Kaviha na marehemu Mzee Menza Karisa, aliyezaliwa tarehe 14 Agosti 1974 hapa hapa Bombolulu. Mzee alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Madirisha yake yalipigwa na hewa ya bahari, na mwaka hauishi kutu ikachungulia chini ya rangi. Kafedha hakumpa raha: "Baba, chuma kinaliwa na nini?" Mzee akamjibu, "Sijui, mwanangu. Ukijua uniambie, nisife mjinga."

Alisoma shule ya msingi na sekondari Kisauni, kisha kemia chuo kikuu, hadi uzamivu, chini ya Profesa Musyoka, aliyempenda kama binti yake. Huko aliishika elektrokemia, elimu ya umeme unaopita kimya kimya chuma kikikutana na maji ya chumvi. Umeme huo ndio mlaji. Mzee aliambiwa kabla hajafa; akasema, "Kumbe!" akarudi kazini.

Tarehe 15 Desemba 2001 alifunga ndoa kanisani Kisauni na Bwana Felix Charo, karani wa bandarini. Wasimamizi wa harusi walikuwa Profesa na mkewe. Maharusi walijaliwa watoto wawili, Charo na Lynnette, wakajenga Kiembeni.

Mwaka 2003 Kafedha aligundua kwamba mafuta ya maganda ya korosho, yale yanayotuchoma vidole, hukikinga chuma kisiliwe upesi na bahari. Majaribio aliyafanya yeye, akisaidiwa na Fidel, fundi wa maabara. Profesa alisoma na kusahihisha. Siku ya kupeleka makala ichapishwe, Kafedha aliandika jina la mwalimu mbele, lake likafuata, la Fidel mwisho. Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa hata mlangoni. Profesa, ambaye tuko naye hapa leo, hakuomba. Wala hakukataa.

Makala ikapaa. Maelfu ya watafiti duniani wameinukuu, na wote huandika "Musyoka na wenzake". Profesa akaitwa ng'ambo kwa kazi kubwa. Kafedha akabaki mhadhiri chuoni, ngazi ile ile, miaka nenda miaka rudi, kwani kila alipoomba kupandishwa cheo aliulizwa, "Katika kazi ya Musyoka, wewe hasa ulifanya nini?" Alirudi nyumbani akakaa jikoni, chai ikapoa mbele yake. "Nikisema ni yangu," alimwambia mumewe, "nimemwita mwizi mtu aliyesimamia harusi yetu. Nikinyamaza, nimejiibia mwenyewe." Akanyamaza. Heshima si utumwa, wanasema watu. Ya Kafedha ilikuwa na kufuli, na iliuma.

Mwaka 2022 figo zilianza kumwangusha, akawa mtu wa kusafishwa damu kila wiki. Ndipo alipoalikwa ng'ambo, kwa jina lake hasa, akaeleze kazi ya korosho. Hakuweza kuiacha mashine. "Nimefungwa kama mbuzi, Baba Charo," alisema, akiushika mrija.

Januari mwaka huu mwanafunzi wake, Mercyline, alimletea hospitalini makala mpya, kabla haijachapishwa, inayoendeleza ile ya korosho. Jina la Kafedha lilikuwa mbele. Baba Charo alimshukuru Mungu kwa sauti, wauguzi wakageuka. Kafedha aliliangalia jina lake, machozi yakimtoka.

"Majaribio alifanya nani?"

"Mimi, Daktari."

"Basi tangulia wewe."

"Jamani, Daktari! Nitakutanguliaje mimi?"

"Nami nilisema hivyo hivyo. Lete kalamu."

Alilitaka libaki pale. Alituambia wazi kwamba alilitaka mno. Akalikata kwa mkono wake, akaliandika chini ya la Mercyline.

Aliaga dunia Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, akiwa amemshika mumewe mkono. Makala imetoka juzi.

Katika ratiba hii hamtaona "na wengineo". Alikataza, na majina ya anaowaacha aliyapanga mwenyewe, tuyasome hivyo hivyo: mumewe Felix, wanawe Charo na Lynnette, mama yake, Kaviha, nduguze Karisa na Eddah, mwanafunzi wake Mercyline, Fidel wa maabara, na wa mwisho, mwalimu wake mpendwa, Profesa Musyoka.

Dkt. Kafedha Menza apumzike kwa amani.