Maji ya Kunywa ya Kiongoroni

Sifa zote njema ni zake Mola, ndugu zangu! Amenifikisha uzee huu ili nisimame mbele yenu niyaseme aliyonitendea Kiongoroni, kijiji cha delta ya Rufiji, zama za Mwingereza, nilipokuwa kijana mwenye nguvu za kutosha na kiburi cha kuzidi.

Mimi ni mtu wa Utete, mtoto wa mtoni. Nilikuwa dereva wa motaboti ya Bwana Misitu, yule Mzungu aliyekagua mikoko. Boti yenyewe ndogo, ya mbao, ya kijani, lakini niliipenda jamani! Mlio wake ukisikika, wakata boriti walitoka mikokoni na mashoka yao wakinipungia. Hadi leo nikinusa petroli, moyo unarudi kule. Lakini kichwa kilinivimba. Nilijiona hakuna mwenye kujua maji kama mimi.

Siku ya kisa hiki tulikuwa Kiongoroni, na upepo wa kusi ulikuwa umeanza kuvuma tangu asubuhi. Bwana Misitu alikuwa ameondoka kwa mtumbwi kwenda kwenye vijito vyembamba, mimi nikabaki na boti. Maji yalikuwa yamekupwa. Nikaifunga kwenye shina la mkoko kwa kamba fupi, nikaikaza sawasawa, kama tunavyofunga mtoni ili mkondo usiichezee. Debe la petroli nikalipandisha nyumbani nilikofikia.

Mama mmoja, Bi Tatu, alikuwa akiokota kuni pale. Akaniambia, "Mwanangu, ilegeze hiyo kamba. Leo bamvua, maji yatajaa sana."

Nikamjibu, "Mama, mimi nimezaliwa majini. Nenda kapike."

Ndugu zangu, naona haya mpaka leo! Yule mama alijitwika kuni zake akaenda.

Alasiri upepo ukachafuka, na maji yakaja kwa fujo. Yalipopanda, boti ilitaka kupanda nayo, lakini kamba yangu iliishikilia mbele, ikainamishwa kichwa. Mawimbi yakawa yanaingia tu. Nilipofika mbio, nilikuta ukingo wa boti peke yake ndio unaonekana. Mashine yote ilikuwa imelala ndani ya maji ya chumvi.

Nikaanza kutunga uongo. Nitamwambia Bwana Misitu kwamba watu wa hapa ndio waliochezea kamba! Kabla sijamaliza kuutunga, alikuja mtu anakimbia na habari. Binti yake Bi Tatu, Zena, alikuwa na uchungu tangu jana, na zile kuni zilikuwa za kumchemshia maji; mtoto hatoki, na wakunga wameinua mikono. Wanaomba boti imfikishe hospitali Utete. Kwa kasia asingefika hai.

Nikakata kamba. Wanaume wakaivuta boti mpaka kwenye tope, tukafua maji, tukiyamwaga nje kwa kata na masufuria. Nikafungua plagi, maji yakachuruzika. Nikawaambia ukweli kwamba chumvi lazima ioshwe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, tena mengi, la sivyo mashine haiwaki. Nilisema huku nimeinama, maana nilijua ninachoomba. Visima vya pale ni vya chumvi. Maji ya kunywa waliyafuata kwa mtumbwi mbali, juu ya mto, na kwa upepo ule hakuna ambaye angethubutu kuyafuata.

Bi Tatu akaingia ndani, akatoka na mtungi wake kichwani. Akaniwekea miguuni. "Osha, mwanangu. Kiu tutaivumilia."

Wanawake wengine wakafuata, mtungi baada ya mtungi. Nikaosha mashine kwa maji ya watu niliowadharau, na machozi yangu yakichanganyika humo. Plagi nikazikausha kwenye makaa, nikatia mafuta, nikavuta kamba ya kuwashia. Kimya. Nikavuta tena. Kimya!

Hapo nikapiga magoti topeni mbele ya kijiji kizima. Nikasema, "Ya Rabi, kosa ni langu. Mama huyu aliniambia, nikamtolea ufidhuli. Usimwadhibu Zena kwa kiburi changu." Nikasimama, nikavuta. Ikawaka! Allahu Akbar, ikawaka!

Zena alijifungulia Utete, mtoto wa kike, wote wawili wazima. Alhamdulillahi!

Nilirudi Kiongoroni na ile mitungi yote, niliyoondoka nayo mitupu, imejaa maji baridi ya mto. Bi Tatu alikuwa ananingoja ukingoni. Sikumpa salamu tu, nilimpa na ncha ya kamba, nikamwomba afunge yeye. Akafunga, akaiacha ndefu, akacheka. Kicheko kile nakitamani mpaka leo, Mungu amrehemu.

Ndugu zangu, kama yuko hapa aliyeharibu jambo na anatunga uongo wa kujifunika, asingoje. Amwambie Mola wake, na amwambie aliyemkosea, hadharani. Mimi nilifanya hivyo nikiwa nimepiga magoti topeni, na baadaye mbele ya Bwana Misitu, na Yeye hakuniacha.