Udaktari Usio na Sindano

Jumanne, tarehe nne Machi, asubuhi ya manyunyu. Ndani ya basi, fundi cherehani alikatiza sala yake ya kimoyomoyo, Mungu amsamehe, maana kiti cha mbele mama mmoja alikuwa amemgeukia binti wa kaka yake, kapigwa na butwaa.

"Udaktari wa nini, umesema?"

"Wa historia, shangazi. Namna watu wa huko ughaibuni walivyosali miaka mia nane iliyopita."

"Kwa hiyo wagonjwa wako wamekufa."

"Wote."

Shangazi alimsogelea. "Na bibi yako je? Amelazwa, goti limevimba, anakataa kupasuliwa. Anasema kisu atakishika mjukuu wake tu."

"Niliposema nasomea udaktari, mlishangilia. Nikashindwa kuwakatiza."

Fundi, aliyeanza masomo ya jioni akiwa tayari na wajukuu, alishtuka kwa lake: kumbe hata sala husomewa udaktari.

Basi lilisimama mbele ya hospitali. Binti aliinuka, akasema abiria wote wakisikia, "Leo hii, kabla bibi hajaniuliza kisu kiko wapi, nitamwambia mwenyewe kwamba mimi si daktari wa magoti."

"Mmesikia," shangazi aliwaambia abiria.

"Tumesikia," fundi akajibu.