Kaka Aliyekabidhi Tovuti Arobaini na Moja

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, familia imenipa heshima ya kuwasomea maisha yake, nami nitajikaza sauti isinikatike.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Subirini, alizaliwa tarehe 4 Machi 1971, mtoto wa kwanza kati ya watano wa mama muuguzi na baba fundi saa, akasoma shule ya msingi mwaka 1978 hadi 1984, sekondari hadi 1988, kisha akahitimu chuo cha ufundi mwaka 1991.

Mwaka 2001 alifungua ofisi ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, akawa anatengeneza tovuti za watu na kuzihamishia kwenye seva mpya, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, na jina lile alilipata hapo, maana anwani ya tovuti ikishaelekezwa kwenye seva mpya huweza kuchukua hata siku mbili kabla haijafunguka kwa kila mtu, na wateja wakimjia juu aliwaambia wasubiri tu, jamani, alikuwa na subira hadi inaudhi!

Tarehe 9 Agosti 2005 alihamisha tovuti ya maabara moja, ikafunguka vizuri, akajipongeza kwa soda, kumbe amesahau kunakili mipangilio ya barua pepe, na kwa siku mbili majibu ya vipimo vya wagonjwa hayakufika popote, hadi katibu wa maabara akapanda ngazi na kumtolea uvivu. Kaka hakujitetea, alikaa naye mchana kutwa wakituma upya jibu moja moja, na tangu hapo hakugusa tovuti ya mtu kabla ya kunakili kila mstari wa mipangilio yake kwa mkono kwenye daftari. Katibu huyo ndiye shemeji yetu, walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 2006, wakajaliwa mabinti wawili.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2022, na Machi mwaka uliofuata daktari alimweleza ukweli, naye hofu yake ikawa wateja, kwa sababu anwani arobaini na moja zilisajiliwa kwa jina lake na nywila alizijua peke yake, hivyo akiondoka nazo, shule, zahanati na viwanda vya watu vingepoteza tovuti na barua zao. Basi akiwa wodini, kitanda cha karibu na dirisha, alizikabidhi kwa wenyewe moja baada ya nyingine, mimi nikimshikia kompyuta, na kila mara alimtaka mwenye nayo atume barua ya majaribio, asipumzike mpaka imefika. Ya mwisho, ya mwoka mikate, ilikamilika tarehe 10 Juni 2023, na tarehe 12, saa nne asubuhi, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi mliomwachia soketi ya ukutani ya kuchajia kompyuta, majirani mliopika na kufua, na mafundi wenzake mliopokea simu zake bila kuchoka.

Kaka, ulihakikisha hakuna mteja atakayekwama bila wewe, asante sana, ila mimi nimekwama. Pumzika kwa amani, kaka yangu.