Ladislas, Aliyegonga Kwanza Ndipo Akaamini

Ndugu waombolezaji mliofika hapa Kawajense, tunayemsindikiza ni Ladislas Ndabaneze, mtoto wa nne wa marehemu mzee Sixte na mama Lidia. Alizaliwa Katumba tarehe 14 Machi 1976, akamaliza darasa la saba mwaka 1991. Hata jibu la mwalimu ubaoni alilikokotoa upya.

Mwaka 1996 alikwenda Kigoma kujifunza kuunda boti za faiba. Asubuhi moja alibandika tabaka juu ya faiba yenye umande. Kwa macho boti ilikuwa safi kabisa. Miezi mitano baadaye tabaka hilo likabanduka ziwani, watu wawili wakaokolewa kwa taabu. Tangu hapo hakuamini tena rangi inayong'aa. Alisoma Dar es Salaam, akapata stashahada mwaka 2008, na kazi yake ikawa kutafuta mahali ambapo tabaka zimegusana lakini hazikushikana. Mashine ya mawimbi ya sauti alikuwa nayo, ila alianza kwa kugonga na sarafu ya shilingi mia. Penye gundi nzuri iliita. Penye kasoro ilisikika nzito na butu.

Alifunga ndoa na Vénérande tarehe 7 Juni 2003. Siku ya kujitambulisha ukweni aligonga meza yao mpya. Mama mkwe akadhani anadai chakula, akamwongezea ugali. Aliumaliza wote, kwa aibu.

Mwaka 2021 Callixte, kaka wa Vénérande, aliongoza kamati iliyonunua boti ya faiba ya kubebea wagonjwa Ziwa Tanganyika. Ladislas, aliyeitwa kuikagua na kuidhinisha, aliigonga ubavuni, akapima.

"Shemeji, humu ndani haikushika. Mgonjwa asipande. Kata kipande tuone."

"Nikate boti mpya? Wewe una wivu tu, au unataka chochote."

Ladislas hakutia sahihi, boti ikabaki nchi kavu. Watu wakawa wanamtazama kwa jicho la pembeni, na mashemeji hao wakaacha kusalimiana. Ilimuuma sana. Aliogopa kufa akiitwa mwongo.

Mwaka jana mapafu yalianza kumsumbua. Akiwa amelazwa hapa Mpanda, alikuwa akimuuliza kila mgeni aliyetoka ziwani, "Boti wameikata?" Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025. Kesho yake Callixte alichukua msumeno, akaikata mwenyewe. Tabaka zilibanduka kwa vidole. Alikaa chini akalia. Anayewasomea wasifu huu ni yeye, na ameomba jambo hili liandikwe lilivyo.

Jeneza lilipoletwa, Vénérande aliligonga pande zote kwa sarafu ya mumewe. Kwenye kifuniko akasimama.

"Kaka, hapa pamelia vibaya."

Callixte hakubisha. Alimwita seremala, kifuniko kikabandikwa upya. Ndiyo maana mazishi yamesogezwa siku moja; mtuwie radhi.

Ameacha mama yake Lidia, mjane Vénérande, watoto wawili, Odeta na Arcade, na shemeji aliyechelewa kumwamini.

Ladislas apumzike sasa kwa amani. Kifuniko kimeshika; tumegonga.