Punje Mia Mbili na Arobaini za Mama Adija

Tarehe 30 Juni 2004, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, Mama Adija Yahaya anastaafu kutoka karakana yetu ya ususi hapa mtaani Rohero. Ametimiza miaka sitini, ana meno yake yote, na ukali wake wote pia. Leo wasukaji wanalia. Lakini wapo, sitawataja, wanaomshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba kuanzia kesho hakuna atakayewafumulia kazi.

Aliajiriwa mwaka 1971, tayari akiwa fundi, kwa kuwa shangazi yake wa mtaa wa Buyenzi alimtia sindano mkononi kabla hajajua kusoma. Kikapu kikipinda kidogo tu, alikirudisha mezani kwa maneno yale yale: "Apana. Fungua, anza tena." Mkurugenzi wetu, Bwana Anselme, aliwahi kusuka kimoja ili kuwaonyesha wageni kwamba naye anaweza. Kikafumuliwa mbele ya wageni hao hao. Tangu siku ile mkurugenzi amebaki na kazi za ofisini, na sisi tumepumua.

Vita vilipoanza mwaka 1993, nyasi za milimani zilikoma kufika mjini, na mafunjo ya upande wa Gatumba hakuna aliyethubutu kwenda kuyakata. Bwana Anselme alitangaza kuwa atafunga. Mama Adija aliinama chini ya meza, akaokota vipande vilivyongoja ufagio, akasuka kikapu chenye mfuniko wa kuchongoka, kizima kabisa, kisichozidi kizibo cha chupa ya bia ya Primus. Kesho yake akasuka mkoba wenye mikono miwili, ambao sarafu moja ingeujaza. Mgeni mmoja aliviona, akavichukua kwa ajili ya nyumba ya wanasesere, au pupe kama asemavyo Mama Adija, ya bintiye. Tukajua kwamba ulimwenguni wapo watu wanaojenga nyumba za wanasesere na kutafuta samani zake kwa bidii kuliko tunavyotafuta sisi za kwetu.

Hivyo ndivyo tulivyobaki wazi. Vikwazo vya nchi jirani navyo vikaja, ndege hazikutua, tukasuka tukiweka akiba. Mwaka 1999 njia ilipofunguka, duka moja la Ubelgiji liliagiza vikapu vidogo vile mia mbili na arobaini. Bwana Anselme alisema bila kuficha: oda hii ikiharibika, mwisho wa mwaka tunafunga. Tulikuwa wasukaji tisa na mimi mfungaji wa vifurushi. Mama Adija alibakiza miaka mitano astaafu, na katika umri ule, katika mji ule, nani angempa kazi nyingine?

Kifurushi changu cha oda ile nilikionea fahari. Nilikitikisa, nikasikia mchakacho mwepesi, nikadhani ni vifuniko. Nikakipiga gundi, kikaenda.

Wiki mbili baadaye ikaingia faksi. Wakaguzi wa uwanja wa ndege kule walikuwa wamekuta ndani ya kila kikapu punje moja ya ulezi. Mbegu zisizotajwa kwenye hati za forodha! Shehena ingechomwa moto baada ya siku kumi.

Bwana Anselme aliisoma kwa sauti, kisha akatutazama mmoja mmoja. Mama Adija alisimama mwenyewe. Kwetu kikapu hakitolewi kitupu, kila mtu anajua. Yeye ndiye aliyetia punje zile, akaifuata desturi mpaka Ubelgiji. "Hauwezi patia mutu kikapo yenye haina kitu," alisema, "hata kama huyo mutu ni pupe." Hakuna aliyecheka siku ile.

Siku kumi zile tulifunga na kuomba, Waislamu na Wakristo, kila mmoja kwa upande wake. Siku ya tisa faksi nyingine ikaja. Mwenye duka, mama wa watu ambaye hatujamwona hadi leo, alikuwa amekwenda uwanja wa ndege na kibano cha nyusi. Aliketi na wakaguzi siku mbili, akafunua vifuniko vyote na kutoa punje moja moja. Vikapu vikaachiliwa. Tulishusha pumzi hata majirani wakaja kuuliza kuna nini. Bwana Anselme, ambaye hamnunulii mtu hata maji, alitununulia soda.

Kwenye faksi ile mwenye duka aliandika kwamba amehesabu punje mia mbili thelathini na tisa. Ya mia mbili na arobaini haijaonekana. Maoni ya Mama Adija ni mafupi: "Pupe moja ilikula." Tangu hapo kila kikapu kinasafiri na fundo dogo la uzi lililotiwa rangi ya ulezi, na wateja wakilikosa wanalalamika.

Sasa niseme lililo moyoni. Tangu mwaka 1993 watu kumi na mmoja wameondoka karakana hii. Wengine walikimbia na watoto wao bila kuaga, wengine hatujui waliko, na watatu tuliwazika. Nilipoambiwa niandike wasifu huu nilitafuta wa zamani nijifunze unavyoandikwa, nikakosa, kwa sababu katika miaka hii yote hatukupata wa kumwandikia. Mama Adija ndiye wa kwanza kati yetu kuondoka kwa sababu ya umri tu.

Mama, tunakushukuru kwa kazi, kwa ukali na kwa subira. Mungu akupe usingizi wa asubuhi, wajukuu wasumbufu na afya ya kuwamudu. Na zaidi ya yote, asante kwa kuzeeka mbele ya macho yetu.

Callixte, mfungaji wa vifurushi