Mzee Gaudiosi, Mkristo Aliyetunza Msikiti Wetu

Ijumaa ya tarehe 26 Juni 2026, Mzee Gaudiosi Kagabo atakabidhi funguo za jengo letu la mtaa wa Bailey, baada ya kulitunza kwa miaka kumi na saba na miezi minne. Miaka mitatu ya mwanzo lilikuwa kanisa. Tangu hapo limekuwa msikiti na shule ya awali. Yeye hakuhama. Jengo ndilo lililobadilika yeye akiwa humo humo ndani.

Alizaliwa Burundi, akavuka mpaka kuingia Tanzania mwaka 1972 akiwa na miaka kumi na miwili. Ufundi bomba alijifunza misheni, Kigoma, na kambini Mtabila alitunza pampu za maji kwa miaka mingi. Yeye na mkewe, Mama Caritas, walifika Buffalo, Marekani, Novemba 2008. Februari iliyofuata parokia ikamwajiri, kwa sababu boila iliyo chini ya jengo, mtambo wa kulipasha joto wakati wa baridi, ilikuwa na umri wa miaka sitini na mafundi wote walikuwa wameikimbia. Mzee aliikagua asubuhi nzima, akaomba spana mbili na chai. Jumapili hiyo waumini walivua makoti ndani ya kanisa.

Parokia ilipofungwa na jengo kuuzwa, wazee wetu walimkuta chini kule, akifuta vumbi. Sheikh alimuuliza kama angekubali kubaki na kufanya kazi na Waislamu. Alijibu, "Boila haina dini, Sheikh. Inataka kuangaliwa tu." Mdogo wake Eliezer, anayefanya kazi katika ghala moja huko Gahanna, kando ya Columbus, alimpigia simu akiwa na hasira: "Kaka, kweli unawafagilia Waislamu?" Mzee akamwambia, "Nafagia sakafu, Eliezer." Siku hizi Eliezer mwenyewe hubadilishana zamu na Wasomali wa ghalani kwao wakati wa Idi, nao humshikia zamu yake Krismasi.

Lakini mwanzo haukuwa mwepesi. Bibi Angelika, muuguzi mstaafu wa ng'ambo ya barabara, alibatizwa na kufunga ndoa katika jengo hili. Kila Ijumaa alisimama mbele ya nyumba yake na bango: "Rudisheni kanisa letu." Mara tatu aliita polisi kwa sababu ya magari yetu yaliyoegeshwa barabarani. Wakati huohuo mkandarasi alikuwa anataka kuviondoa vile vioo vya rangi vyenye picha za watakatifu, vyote kumi na viwili, kwa siku moja. Vingevunjika. Mzee akapanda ofisini, kofia mkononi: "Sheikh, nipe wiki tatu. Vioo hivi vina watu."

Chini ya kila kioo palikuwa na jina la familia iliyokitoa. Alivifungua kimoja kimoja, akavifunga kwa mablanketi, akazitafuta familia hizo. Kioo cha Yosefu seremala kilikuwa na jina la baba yake Angelika, naye akampelekea nyumbani. Habari za siku hiyo nilizipata kwa Angelika mwenyewe. Alifungua mlango akiwa tayari kugomba, akaona jina la baba yake, akakaa kwenye ngazi.

"Na wewe ulikuwa unasali pale?" alimuuliza.

"Kila Jumapili, mama. Benchi la tatu."

"Mbona hukukasirika?"

"Nilikasirika. Misa ya mwisho nililia hata sikusikia mahubiri. Lakini walioliuza si hawa. Hawa wamelinunua, na wanalipenda."

Ijumaa iliyofuata bango halikuonekana. Iliyofuata tena, Angelika alivuka barabara kuja kuuliza nani atapalilia maua ya pale mbele. Anayapalilia mpaka leo.

Mimi nilifika mwaka 2017. Ni Mkongo wa Kasongo, Mwislamu, na kabla ya hapa niliishi Ufaransa miaka kumi na moja. Huko nililea watoto katika shule ya serikali. Kila asubuhi nilivua mtandio mlangoni, kwa sababu mtumishi wa serikali haruhusiwi kuonyesha dini yake. Mkuu wangu hakuwa mtu mbaya. Alinisikitikia, lakini sheria ni sheria. Baada ya yale mashambulizi ya kigaidi ya mwaka 2015, polisi walisimama mbele ya chumba chetu cha kusalia kila Ijumaa wakidai vitambulisho. Mume wangu alisimamishwa mara nyingi hata akaacha kutembea kwa miguu. Sisemi huku hakuna chuki. Nasema tu nilikuja nikiwa nimechoka.

Siku ya kwanza ya kazi nilimkuta mlangoni mwanamume mwenye msalaba shingoni na funguo kiunoni. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mtandio. "Bon, nivue?" nikamuuliza, Kifaransa bado mdomoni. Alinishangaa. "Uvue nini, mwalimu? Viatu tu. Ndani kuna zulia." Nilicheka mpaka nikalia, naye akadhani zulia ndilo tatizo, akaenda kunitafutia ndara.

Januari 2019 mpita njia aliwaita polisi, akisema watu wanaingiza mabomu msikitini. Yalikuwa mabomba tu: ya maji, ya boila. Nilipoona magari mawili ya polisi niliwakusanya watoto ukutani, nikaanza kutafuta kitambulisho changu mkobani. Mzee alitoka kuwalaki maafisa kama wageni wa harusi. "Karibuni, karibuni! Mmekuja kuona boila?" Akawateremsha chini, akawaeleza kila vali na kila kipimo kwa muda wa nusu saa. Angelika naye akavuka theluji akiwa amevaa kandambili, akawaambia, "Hawa ni majirani zangu." Maafisa walipopanda juu walikuwa wanatokwa jasho na kuomba ruhusa ya kuondoka. Mmoja aliwapungia watoto mkono. Hapo nikarudisha kitambulisho mkobani.

Mwezi uliopita kamati ilimuuliza Mzee anataka zawadi gani. Tulitarajia saa, au kiti. Aliomba saa moja ya kukaa peke yake na Mama Caritas mahali ilipokuwa altare, kwani hapo alifunga ndoa kitinda mimba wao, Delfina. Kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuomba hilo. Sheikh alifunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, akakaa nje kulinda mtu asiingie. Walipotoka, Mama Caritas alikuwa ameshika mkono wa mumewe, na wote wawili walikuwa wakitabasamu. "Haya," Mzee akasema, "sasa naweza kwenda."

Anakwenda Louisville, kwa Delfina. Mzee wetu, asante kwa kila asubuhi uliyotutangulia. Mungu akupe afya, asubuhi za theluji zikukute bado kitandani, na wajukuu unaowasemesha Kiswahili waache kukujibu Kiingereza.

Mwalimu Mwamini Radjabu, kwa niaba ya wafanyakazi wote