Chupa ya Chini ya Kiti

Benchi la mbele ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na anayekaa upande wa tofali ndiye mwenye neno. Leo kakaa dereva wanayemwita Dizeli. Mguu wake uliovunjika umepona, fimbo kaiacha nyumbani. Msimu mzima wa mvua binti yake ndiye aliyeendesha pikapu yake, akishusha mbao kutoka mlimani, bila kukwama hata siku moja. Leo Dizeli anachukua ufunguo wake, na kifua kimemjaa utadhani mlima kaupanda yeye.

— Siri si dereva, — alisema, akipuliza kahawa. — Siri ni oili ya tu-stroki, ile ya misumeno ya miti. Kifuniko kimoja kwenye tangi kila ukijaza dizeli. Nilimwachia mtoto chupa, nikamwambia hii usiisahau. Basi. Hata mbuzi angeendesha.

Kinyozi alitoa kichwa dirishani, mashine inanguruma mkononi.

— Lakini ile si inachanganywa na petroli?

— Damu nzito kuliko maji, — Dizeli alijibu. — Mafuta ya siku hizi maji matupu. Pampu inakauka koo.

Fundi Saa, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, aliweka kikombe chini.

— Koo ni jambo dogo. Injini ikinusa ile oili inajiona pikipiki. Inakuwa nyepesi, inapaa.

— Na mbao zilizo nyuma je? — kinyozi aliuliza.

— Nazo zinadanganyika. Mjomba wangu aliitia kwenye cherehani, ikashona suti peke yake.

— Vipimo ilichukua kwa nani?

— Haba na haba hujaza kibaba, — alisema Fundi Saa, na swali likafa hapo.

Dizeli alicheka nao, ila moyoni ana haraka. Jana sokoni mtu alimwita "baba yake dereva," na neno lile lilimchoma. Dereva ni yeye.

Pikapu ikatokea. Ikaingia kinyumenyume kati ya nguzo na mtaro, kwa mkupuo mmoja, ikatulia. Binti akashuka.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Akampa baba ufunguo kwa mikono miwili. Kisha akainama, akatoa chupa chini ya kiti. Vumbi limeigandia, kizibo hakijawahi kufunguliwa.

— Baba, kila siku nasahau kukuuliza. Hii ulisema inatiwa wapi?

Kinyozi alizima mashine. Fundi Saa alichungulia kikombe chake, kahawa imekwisha. Dizeli aliitazama chupa, halafu pikapu ilivyonyooka kando ya nguzo, nguzo ileile ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuigonga akavunja taa ya pikapu. Aliona fahari, na safari hii alijua ni ya nani. Akaurudisha ufunguo kiganjani mwa binti, akamfumbatisha vidole.

Kisha akainuka, akauacha wazi upande wa tofali.

— Sogeeni huko, — akawaambia wenzake. — Dereva akae.